Agizo lilimwita mzazi, likamsahau mzazi

Neno "mzazi" lina maana mbili katika Kiswahili, na wengi wa wanafunzi wangu wa isimu huijua moja tu. Maana ya kwanza ni ile ya kila siku, yaani baba au mama wa mtoto, yule anayelipa karo na kuitwa shuleni mwanawe anapokosa adabu. Maana ya pili, ambayo ingali hai katika Pwani yetu na nchini Tanzania, ni mwanamke aliyejifungua karibuni. Ndiyo sababu chumba wanamolazwa wanawake hao hospitalini huitwa "wodi ya wazazi", na hakuna mtu anayetarajia kuwakuta akina baba wamejinyosha vitandani humo. Ndiyo sababu pia wahenga waliponena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hawakuwa wakizungumza juu ya kila mtu mwenye mtoto. Walikuwa wakizungumza juu ya mwili mmoja mahsusi.

Nimeyakumbuka maana haya mawili mara nyingi ninapoyatafakari matangazo ya kufungua shule yaliyotolewa nchini Kenya katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa janga la korona. Matangazo yale yalimwita mzazi wa maana ya kwanza. Yalimtaka ahakikishe kwamba mtoto anakwenda shule, ana barakoa, na amefundishwa kunawa mikono. Mzazi wa maana ya pili, pamoja na mjamzito aliyekuwa akihesabu wiki ili awe mzazi, hakuitwa wala hakukumbukwa. Watu wawili tofauti walifichwa ndani ya neno moja, na aliyefichika zaidi ndiye aliyelipa gharama.

Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba kusahau huku hakukuwa jambo dogo la maneno. Kulichukua uamuzi wa taifa zima na kuutua juu ya mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni mwa nyumba yake akiwa na mimba ya miezi minane, ili aamue peke yake baina ya masomo ya wanawe wakubwa na usalama wa yule ambaye bado hajazaliwa. Tusipourekebisha mpango huo sasa, maradhi mengine yatakapozuka yatatukuta pale pale.

Hebu tuyakumbuke mambo yalivyokwenda. Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Kafyu ikafuata tarehe 27 mwezi huo. Kuanzia tarehe 6 Aprili jiji la Nairobi na viunga vyake likafungwa, asiingie mtu wala asitoke, hadi Julai. Watoto wakakaa nyumbani, na waliobahatika wakafuata masomo kwa redio, televisheni na intaneti. Kisha tarehe 6 Oktoba aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wangerejea tarehe 12, yaani siku sita baadaye. Wenzao wote wakaitwa tarehe 4 Januari 2021. Nyakati zote hizo mbili hapakuwa na chanjo hata moja nchini. Chanjo ilianza kutolewa Machi 2021.

Elimu ya tiba haikuwa kimya juu ya jambo hili. Kufikia Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kueleza kwamba mjamzito akiugua korona, uwezekano wake wa kuhitaji kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi ni mkubwa kuliko wa mwanamke wa rika lake asiye na mimba. Ilijulikana pia kwamba anaweza kujifungua kabla ya wakati, na kwamba hatari huzidi iwapo umri wake umesonga, au ana shinikizo la damu au kisukari. Sababu zake zinaeleweka hata kwetu tusio madaktari. Katika miezi ya mwisho tumbo la uzazi husukuma juu na kuyabana mapafu, na moyo hufanya kazi ya watu wawili. Ugonjwa unaoshambulia pumzi unapomkuta mtu katika hali hiyo, humkuta akiwa hana akiba.

Watoto nao, tuliambiwa, wengi wao hupata dalili nyepesi tu. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na yalituliza mioyo ya wengi. Lakini dalili nyepesi ndizo hasa zilizokuwa shida ya mama mjamzito. Mtoto anayeugua sana huonekana, na mama hujua la kufanya. Mtoto mwenye mafua madogo hurudi nyumbani jioni, hula, hucheka, na kulala kando ya mama yake.

Anayetaka kuelewa maana ya jambo hili na atembee kutoka katikati ya jiji kuelekea magharibi, apite Westlands na kushuka hadi Kangemi, au ashike Barabara ya Valley na Hurlingham hadi Kawangware. Katika mwendo huo atakuwa ameviona vitongoji ambavyo agizo lile lile lilivifikia kwa namna tofauti kabisa. Katika jumba la Lavington lenye vyumba vitano, mtoto aliyerudi shuleni angeweza kutengewa chumba chake na choo chake. Katika chumba kimoja cha mabati huko Kawangware, ambako maji hununuliwa kwa mtungi na pazia ndilo ukuta, mama wa miezi tisa na wanawe watatu huvuta hewa moja usiku kucha. Kumwambia mama huyo "kaa mbali na mtoto wako" ni kumwambia ahame nyumba.

Na kabla mtoto hajafika nyumbani, palikuwapo safari. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8 tu, na nauli ikapanda. Aliyeshindwa kulipa nauli alitembea. Nimewaona akina mama waliolemewa na mimba wakiwashika watoto mikono kando ya Barabara ya Naivasha alfajiri, barakoa zimewabana pua, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Hakuna takwimu inayowahesabu akina mama hao, kwa sababu hakuna rejista iliyokuwa na safu yao.

Mimi mwenyewe nilikuwa katika mwezi wa nane agizo lile lilipotolewa. Kifungua mimba wangu alikuwa darasa la nane, na wa pili alikuwa gredi ya nne, kwa hiyo wote wawili waliitwa siku moja. Chuo kikuu ninakofundisha, katikati ya jiji, kilikuwa kikiendesha masomo kwa intaneti. Nililindwa kazini, nikaachwa wazi nyumbani. Nilimwandikia barua mwalimu mkuu wa shule waliyosoma wanangu, ambayo sitaitaja, nikaomba yule mdogo apewe kazi ya wiki sita aifanyie nyumbani, hata nijifungue na kupata nguvu. Jibu lilikuwa la adabu na fupi: agizo ni la wote, na mtoto asiyehudhuria atahesabiwa kuwa mtoro.

Basi tukafanya lililowezekana. Viatu viliachwa nje. Watoto walioga kabla ya kuamkia. Baba yao aliwapeleka na kuwapokea kwa miguu. Mdogo, ambaye alikuwa na umri wa miaka tisa, alizoea kusimama hatua tatu kutoka kwangu kila jioni na kuuliza kama siku hiyo ameruhusiwa kunigusa. Tulikuwa na bomba la maji ndani na chumba cha ziada, na nilijifungua salama mwezi wa Novemba. Silitaji jambo hili ili nihurumiwe. Nalitaja kwa sababu nilikuwa na elimu, mshahara, mume aliyekuwa nyumbani na kalamu ya kuandikia barua, na bado sikupata mlango wa kubisha. Je, yule asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo?

Mtu ataniuliza: kwani zamani wanawake hawakuzaa wakati wa maradhi? Walizaa, na jamii zetu zilikuwa na utaratibu. Waswahili wa Pwani humtenga mzazi kwa siku arubaini. Hatoki, hafanyi kazi nzito, na wageni huingia kwa kiasi. Wale watoto wakubwa huchukuliwa na shangazi au bibi yao. Jamii nyingi za bara zilikuwa na mila zinazofanana na hiyo, na hapa Nairobi mila hiyo iligeuka ikawa nauli ya basi, yaani nyanya huletwa kutoka kijijini, au watoto hupelekwa kwake. Korona iliuvunja utaratibu huo kwa namna mbili. Kwanza jiji lilifungwa, nyanya asiweze kuja. Kisha lilipofunguliwa, nyanya mwenyewe alikuwa katika kundi la walio hatarini zaidi, na kumletea wajukuu waliotoka darasani kulikuwa ni kumhatarisha yeye badala ya mama. Msaada wa kale uliondolewa, na hakuna msaada wa kiserikali ulioletwa mahali pake.

Ningependa nieleweke vizuri. Sisemi kwamba shule zilipaswa kubaki zimefungwa. Mtoto aliyefungiwa nyumbani hupoteza mengi zaidi ya hesabu na insha. Wako wasichana ambao shule ndiyo iliyokuwa kinga yao dhidi ya mimba za mapema na ndoa za kulazimishwa, na wako wavulana waliokwenda kubeba mawe na mchanga wasirudi darasani tena. Majirani zetu wametuonyesha njia zote mbili. Tanzania ilifunga shule zake Machi 2020 na kuzifungua zote tena mwisho wa Juni mwaka huo huo. Uganda ilizifunga Machi 2020, na ingawa madarasa kadhaa yaliitwa kati kati, shule zote hazikufunguliwa hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, muda uliotajwa kuwa mrefu kuliko wote duniani. Sijui mwalimu yeyote Mkenya ambaye angependa tufuate njia hiyo ya pili.

Lakini kufungua shule ni jambo moja, na kuifungua bila ya kuuliza mtoto anarudi katika nyumba ya nani ni jambo jingine. Wala si sisi peke yetu tulioshindwa kuuliza. Nchini Uingereza, serikali iliwaweka wajawazito katika kundi la walio hatarini tangu Machi 2020. Hata hivyo, Septemba mwaka huo mahudhurio ya shule yalipofanywa ya lazima tena, mzazi aliyembakiza mtoto nyumbani bila ruhusa angeweza kutozwa faini. Huko nako mkono mmoja wa serikali ulimwambia mama ajihadhari, na wa pili ukamwambia aufungue mlango. Kumbe utajiri wa nchi si dawa ya usahaulifu.

Kwa Kiswahili tunamwita mwanamke huyu mja mzito. Mja ni mwanadamu, kiumbe. Uzito unaotajwa ni wa mwilini, lakini lugha haikukosea kuuacha bila mpaka. Katika nyumba ya Nairobi ya mwaka wa 2020, mja huyu alikuwa amebeba mimba, amebeba sare na vitabu vya wanawe, amebeba ndoo ya maji ya kunawa, na juu ya hayo yote akabebeshwa uamuzi ambao wizara mbili, ya Elimu na ya Afya, hazikuutoa kwa pamoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeandika agizo aliuona mzigo huo kuwa mwepesi kwa sababu haukuwa begani mwake.

Nifanye nini basi, atauliza mwalimu anayesoma makala haya, nami sikuandika waraka wowote? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni ruhusa maalumu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inamlazimu mzazi kuhakikisha kwamba mtoto anahudhuria shule, na hiyo ni sheria njema. Lakini Wizara ya Elimu inaweza kutoa mwongozo kwamba, wakati wa mlipuko wa maradhi ya kuambukiza uliotangazwa rasmi, mtoto ambaye mama yake amekaribia kujifungua anaweza kusomea nyumbani kwa muda uliowekwa, tuseme wiki nne kabla ya siku ya matarajio na wiki mbili baada yake, bila kuitwa mtoro na bila kupoteza nafasi yake darasani au katika mtihani. Liwe ni hiari ya familia. Asiyetaka asilazimishwe.

La pili ni ushahidi, na ushahidi upo tayari. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambamo siku ya kutarajia kujifungua huandikwa. Tangu mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane, na tano kati ya hizo ni katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha afya cha Kangemi au cha Riruta anamjua mama huyu kuliko ofisa yeyote wa elimu. Ukurasa mmoja wa kijitabu hicho, wenye muhuri, unatosha. Mwalimu mkuu asidai barua ya wakili.

La tatu ni kazi ya mwalimu wa darasa. Mwanafunzi wa aina hii hahitaji tarakilishi. Anahitaji orodha ya kurasa za kusoma, mazoezi ya wiki, na mtu mmoja wa kuyasahihisha. Baba, mjomba au jirani anaweza kuja kuchukua kazi Ijumaa na kuirudisha Ijumaa inayofuata. Nimefundisha kwa miaka mingi, na najua kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini ataguna akisikia hivi. Lakini watoto wa namna hii katika darasa moja, kwa wakati mmoja, watakuwa wachache mno, na kazi yao ni ile ile ambayo mwalimu amekwisha kuiandaa kwa wenzao.

La nne linawahusu akina baba na waajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwanamume wiki mbili. Walimu walio chini ya Tume ya Kuwaajiri Walimu walipata nafuu zaidi katika mkataba wa mwaka wa 2021, ambao uliwaongezea akina mama hadi siku 120 na akina baba hadi siku 21. Hizo ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, mchuuzi wa mboga wa Kangemi na dobi wa Kawangware hawana likizo wala mkataba. Wakati wa janga, baba aliyeajiriwa aruhusiwe kuzichukua siku zake kabla ya mama kujifungua, ili awe yeye wa kuwapeleka watoto, kuwapokea na kuwaogesha. Na yule asiyeajiriwa, tumsaidie kwa kumpunguzia mwanawe safari za shule kama nilivyopendekeza.

Wapo watakaosema kwamba korona imepita, na kwa nini tufukue kaburi. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura mnamo Mei 2023. Lakini Julai 2024 nchi yetu ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa homa ya nyani huko Taita Taveta, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tetekuwanga, ambayo walimu wa chekechea huiona karibu kila mwaka na kuichukulia kuwa mchezo wa utotoni, humhatarisha sana mtoto mchanga iwapo mama yake ataipata siku chache kabla ya kujifungua au mara tu baadaye. Shule daima imekuwa mahali ambapo maradhi hubadilishana anwani. Kwa hiyo ninaloliomba lina faida hata katika mwaka usio na janga. Mwalimu amjulishe mapema mama mjamzito kwamba darasani mna tetekuwanga, ili akamwone daktari bila kuchelewa.

Kwenu wanafunzi, hasa mnaosomea ualimu na lugha, ninalo zoezi. Mtakapouona waraka wowote wa umma, chukueni kalamu mpige mstari chini ya kila neno linalomtaja mtu: mzazi, mlezi, mwananchi, mkaazi. Kisha ulizeni ni watu wa aina ngapi waliojificha chini ya kila mstari, na ni yupi kati yao ambaye agizo hilo litamwumiza. Huo ndio uchambuzi wa matini tunaoufundisha darasani, na thamani yake haiishii katika karatasi ya mtihani. Siku moja baadhi yenu mtaketi katika ofisi za Jumba la Jogoo, mkiandika nyaraka hizo.

Na siku hiyo, kabla hamjaandika "wazazi wote wahakikishe", mkumbuke kwamba mmoja wa wazazi hao yumo njiani kwenda wodini. Mwandikieni sentensi yake.